Kadi ya Kasi ya Cessna 172N

Nilikuwa mwanafunzi wa urubani katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, upande wa majengo ya zamani ambako ndege ndogo huegeshwa, wakati Kapteni aliyenifundisha alipoombwa kupeleka watu watatu kwa Cessna 172N, ndege ndogo ya injini moja, kwenye kiwanja cha shamba moja upande wa Rufiji na kuwarudisha. Kiwanja kilikuwa cha nyasi, chenye urefu wa mita 600, na minazi ilianza pale kilipoishia. Kapteni alinitaka niandae kadi ya kasi na umbali wa kuruka, yaani urefu ambao ndege huhitaji ili iondoke ardhini na kupita juu ya kizuizi, kwa sharti moja: "Binti yangu, kila namba utakayoiandika, unionyeshe na ukurasa ilikotoka."

Mwenzangu mmoja alikuwa na karatasi ya kasi za Cessna 172, akaniazima. Mstari mwekundu wa geji ya kasi, yaani kasi isiyozidiwa kamwe, uliandikwa noti 163 (noti ni maili ya baharini kwa saa), kasi ya kushuka taratibu injini ikizimika noti 68, na uzito wa juu ratili 2,550. Namba hizo zilikuwa sahihi kabisa, ila zilikuwa za 172S, toleo lenye injini ya nguvu za farasi 180. Yetu ilikuwa 172N, ya nguvu za farasi 160, isiyoruhusiwa kuruka ikiwa na zaidi ya ratili 2,300, yaani kilo 1,043 hivi. Tena hata 172N zenyewe hazifanani: kitabu cha rubani kinachotolewa na kiwanda, cha 1978, kinaweka mstari mwekundu kwenye noti 160, na cha 1980 kwenye noti 158. Kwa hiyo nilianzia kwenye kibati cha ndege, nikanakili namba ya utengenezaji, kisha nikapekua kabati la ofisi mpaka nikapata kitabu cha mwaka unaolingana nayo.

Kasi zenyewe zilipatikana upesi, kwa kuwa vitabu vya ndege hizo hupangwa kwa utaratibu mmoja: sehemu ya pili ni ya mipaka, ya tano ni ya uwezo wa ndege. Kasi ya kushuka bila injini ilikuwa noti 65. Kapteni aliniamuru niandike neno "noti" mbele ya kila namba, kwa sababu vitabu vya Cessna vya kabla ya 1976 vilitumia maili za nchi kavu, na maili 65 kwa saa ni noti 56 tu. Kadi isiyotaja kipimo, alisema, afadhali ichanwe.

Iliyonishangaza ni kasi ambayo rubani hatakiwi kuizidi anapopita kwenye hewa yenye misukosuko. Nilitarajia ndege nyepesi iruhusiwe kwenda kasi zaidi, lakini kitabu kilisema noti 97 kwa ratili 2,300 na noti 80 tu kwa ratili 1,600. Kapteni alinieleza kwamba dhoruba ileile huirusha ndege nyepesi kwa nguvu zaidi kuliko nzito, na kwamba ikienda polepole mbawa zake huacha kubeba kabla vyuma havijapata mzigo wa kuviumiza. Mpaka leo naiona hiyo kuwa namba yenye maana kuliko zote kwenye kadi, ingawa marubani wengi niliowajua walikariri ile ya uzito kamili tu.

Umbali wa kuruka ndio uliotuchukua mchana mzima. Takwimu ya matangazo ilikuwa futi 1,440, karibu mita 439, kufikia kimo cha futi 50, ambacho ni kimo cha mnazi mzuri. Hiyo ni ya joto la nyuzi 15, usawa wa bahari, njia ngumu, bila upepo. Februari ile joto lilifika nyuzi 32. Jedwali lilikuwa na safu ya nyuzi 30 na ya 40, na Kapteni akataka ile ya 40: futi 960 za kukimbia ardhini, futi 1,700 mpaka juu ya kizuizi. Kwa nyasi kavu huongezwa asilimia 15 ya mbio za ardhini, yaani futi 144. Jumla ikawa futi 1,844, sawa na mita 562.

Zilibaki mita 38, na kitabu kiliandikwa kwa ndege mpya mikononi mwa rubani wa majaribio. Kapteni alimpigia mwenye shamba simu palepale, akamwambia kwamba atabeba abiria mmoja kwa safari, mafuta hayatajazwa, na kuondoka kule kutakuwa alfajiri. Yule bwana alilalamika kuhusu gharama ya safari za ziada, akakubali.

Kadi niliipeleka Kariakoo ikafunikwe plastiki. Niliporudi, nilimuuliza Kapteni kama nitoe nakala kwa ajili ya 172M, toleo la kabla ya letu, iliyokuwa jirani, akacheka, akaniwekea mezani kitabu kingine: nguvu za farasi 150, futi 1,525 badala ya 1,440. Nikavuta kiti, nikaanza upya.