Akaunti za Kikoa Ndani ya Kontena: Nilivyouunganisha Mfumo wa Likizo na Active Directory

Mfumo wa maombi ya likizo katika ofisi ninayoihudumia ulihamishwa kutoka seva ya Windows hadi kwenye kontena za Docker (vifurushi vinavyobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji) zinazoendeshwa juu ya Linux, na uongozi ulitoa sharti moja tu: mfanyakazi ambaye asubuhi ameingia kwenye kompyuta yake kwa akaunti ya kikoa (akaunti ya ofisi inayosimamiwa na Active Directory ya Microsoft) asiulizwe nywila nyingine anapofungua mfumo huo. Sharti hilo naliunga mkono kwa dhati, kwa sababu nywila za ziada huishia kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni mwa kioo.

Swali la kwanza lilikuwa ni nani hasa anayebeba utambulisho. Seva ya kawaida hujiunga na kikoa na kupewa akaunti yake, lakini kontena huondolewa na kuundwa upya kila toleo jipya linapotoka, kwa hiyo haifai kujiunga. Wenye kontena za Windows wanazo akaunti za huduma za kundi, zilizoanza na Windows Server 2012, ambazo nywila zake hubadilishwa na kikoa chenyewe kila baada ya siku 30. Mimi nilitegemea moja kwa moja itifaki ya Kerberos, ambayo humtambulisha mtumiaji kwa tiketi badala ya nywila, kwa kuwa inachohitaji upande wa programu ni jina la huduma na ufunguo wake tu.

Nilifungua akaunti isiyo na madaraka yoyote, nikairuhusu kutumia usimbaji wa AES wa biti 256, nikaisajilia jina la huduma HTTP/likizo.ofisi.internal, kisha nikatoa faili la funguo kwa ktpass, amri ya Windows. Faili hilo sikuliweka ndani ya imeji, yaani kiolezo ambacho kontena huundwa kutokana nacho, kwani imeji hunakiliwa huku na kule, na yeyote mwenye ufunguo huo anaweza kutengeneza tiketi za uongo za kuingilia kwenye mfumo. Nililipachika kontena inapowashwa, kwa ruhusa ya kusomwa tu, na programu ikaonyeshwa lilipo kupitia kigezo cha KRB5_KTNAME. Saa nayo haikuachwa nyuma: kontena hufuata saa ya seva inayoibeba, na Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5, hivyo niliilinganisha seva hiyo na kidhibiti cha kikoa, yaani seva inayosimamia akaunti za kikoa.

Hata hivyo, Chrome iliendelea kuomba nywila. Nilipofungua zana za watengenezaji na kusoma kichwa cha Authorization, sehemu ya ombi inayobeba utambulisho, niliona kwamba maandishi yaliyofuata neno Negotiate yalianza na TlRM, alama ya NTLM (itifaki ya zamani ya Windows), ilhali tiketi ya Kerberos huanza na YII. Napendekeza kila anayekwama aanze kutazama hapo, kabla ya kugusa mpangilio wowote, kwa sababu herufi hizo chache huonyesha kama tatizo liko upande wa kivinjari au upande wa kontena. Kwangu chanzo kilikuwa DNS, mfumo wa majina ya mtandao. Anwani ya mfumo ilikuwa rekodi ya CNAME, yaani jina linaloelekeza kwenye jina jingine, na Chrome huifuata rekodi hiyo hadi jina halisi la seva, kisha huomba tiketi kwa jina hilo, ambalo halikusajiliwa popote. Niliibadilisha kuwa rekodi ya A, inayoelekeza moja kwa moja kwenye anwani ya IP, na YII ikaonekana.

Wachache, wengi wao wakuu wa idara, waliendelea kupata kosa la 400, yaani ombi kukataliwa na seva. Tiketi ya Active Directory hubeba orodha ya makundi ya mtumiaji, kwa hiyo aliye katika makundi mengi hutuma kichwa kirefu kuliko kilobaiti 8 ambazo Nginx, programu ya seva ya wavuti, huruhusu kwa mstari mmoja isipoelekezwa vinginevyo. Niliongeza nafasi hiyo.

Kubadilisha ufunguo ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ktpass hubadilisha nywila na namba ya toleo la ufunguo hupanda, ilhali tiketi za zamani huishi hadi saa 10. Kwa hiyo huifanya kazi hiyo usiku, kwa chaguo la /in linalohifadhi ufunguo wa zamani pamoja na mpya katika faili moja. Vilevile hupachika folda nzima badala ya faili lenyewe: faili lililopachikwa peke yake likibadilishwa kwa mv, amri ya Linux ya kuhamisha faili, kontena huendelea kusoma lile la zamani hadi iwashwe upya.