Namba Zilizoliwa na Mchoro

Binti yangu ana mradi wa chuo, programu ya simu. Juzi usiku alikuwa anachora kurasa zake mezani, akabonyeza kitufe alichotoka kukichora. Hakikufanya kitu. Akanigeukia: "Baba, hivi hiki kinajuaje kwamba bado kinachorwa, hakijaanza kazi?"

Nikamwambia kinaambiwa. Ni kweli, ila si vyote huambiwa, na nilipokwenda kulala akili yangu ilikuwa imeshafika Magomeni, kwenye zahanati ya yule mama mhasibu.

Ilikuwa 2008. Mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zilikuwa hazijaja, hizo tulizipata 2010, kwa hiyo risiti ilitoka kwenye programu yetu kupitia printa yenye kelele za kuamsha wagonjwa. Kazi niliirithi kwa bwana mmoja aliyekuwa amepata kazi kwingine. Alikuwa fundi hasa, sisemi kwa kejeli. Programu aliijenga kwa lugha ya C# ndani ya Visual Studio 2005, karakana ya Microsoft ya kuchorea na kuandikia programu, na kila fomu ya malipo, yaani dirisha la kujazia, ilibeba paneli ileile: kichwa cha kijani, mwili mweupe, na kwenye kona ya juu kulia kisanduku cha namba ya risiti. Kisanduku kile kilikuwa kontroli, yaani kipande cha skrini, aliyoitengeneza mbali, akaiweka ndani ya paneli, kisha paneli akaiweka kwenye fomu.

Mimi niliitwa kupanga fomu upya. Tabu ya kwanza ilikuwa paneli yenyewe. Ukidondosha sehemu ya kuandikia juu yake, macho yanakwambia imeingia ndani, kumbe ni mali ya fomu. Ukisogeza paneli, ile inabaki palepale kama mpangaji aliyegoma kuhama. Dawa yake inajulikana. Unaandika klasi ya mchoraji, msimbo unaoielekeza Visual Studio namna ya kuichora paneli, inayorithi ParentControlDesigner, ndani yake unaita EnableDesignMode kwa ule mwili mweupe, na mwili wenyewe unautoa nje kama sifa iliyowekewa alama ya DesignerSerializationVisibility.Content ili kila kitakachodondoshwa mle kiandikwe kwenye faili. Bila alama hiyo utapanga vizuri, utafunga, utafungua, na kazi yako haipo. EnableDesignMode ililetwa na .NET 2.0, msingi ambao C# huendeshwa juu yake, na kwa hilo tu niliwasamehe Microsoft mambo mengi. Basi tabu hiyo iliisha. Vitu vikakaa ndani, paneli ikawa inahama na watu wake.

Wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta, namba za risiti zilikuwa zinapotea.

Kwa mhasibu, namba iliyoruka bila nakala iliyobatilishwa ina maana moja: mtu kapokea hela, karatasi kachana. Keshia wa dirishani, kijana mpole anayesalimia mpaka wafagizi, alikuwa ameshasimamishwa. Alikuwa kwao Mbagala anasubiri kikao. Mimi habari hizo nilizisikia chai ya saa nne na nikaona hazinihusu.

Halafu siku moja mfagizi akachomoa waya wa seva. Seva ilikuwa moja tu, chini ya meza ya mama mhasibu, na kompyuta yangu ilisoma humohumo kwa sababu pengine pa kusoma hapakuwepo. Nikafungua fomu ya malipo, kuichora tu, wala sikuwa nimeiendesha. Visual Studio ikaganda. Ikakaa kama robo dakika, ambao ndio muda C# huisubiri SQL Server, hifadhidata iliyokuwa kwenye seva, ukiiacha na mipangilio yake ya kawaida, kisha ukaja ujumbe kwamba seva haipatikani.

Sasa mchoro unaitafutia nini seva?

Nikasubiri waya urudishwe, nikabeba kompyuta yangu, nikabisha kwa mhasibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na dawa au na porojo?"

Nikamwomba afungue kwenye kompyuta yake orodha ya namba zilizotoka, anisomee ya mwisho. Akavaa miwani. "Elfu nne mia nne kumi na saba." Nikabofya fomu mara mbili. Ikafunguka kwenye ubao wa kuchorea, kichwa cha kijani, mwili mweupe, na kule kwenye kona kisanduku kikaandika 4418. Namba ilikuwa inaonekana pale siku zote. Mtu yeyote angedhani ni ya mfano. Nikamwomba aangalie upya upande wake.

Akaangalia. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

"Funga."

Nikafunga.

"Fungua."

Ikawa 4419. Hakusema neno. Akavuta daftari lake lenye jalada gumu, akaandika, akanionesha kwa kidole niendelee. Dirishani watu walikuwa wanagonga kioo, anayekaimu ukeshia anaita "mama, chenji!", yeye hageuki. Nikafunga, nikafungua. Nikamwonesha na jambo baya zaidi: nikijenga programu upya huku fomu tatu ziko wazi, ubao unazichora zote tena, na namba tatu zinakwenda kwa mkupuo. Hapo aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo mtoto wa watu yuko kwao amekaa kwa sababu nyie mnachora."

Nikajaribu kumweleza. Kwamba Visual Studio haiizai fomu unayoichora. Huzaa klasi iliyo juu yake, halafu yenyewe husoma InitializeComponent, sehemu ya msimbo inayopanga vitu kwenye fomu, mstari kwa mstari. Ila vilivyomo ndani ya fomu huzaliwa kweli, na msimbo wake hutembea kweli. Kwamba yule bwana alikuwa mwangalifu: aliandika kwamba kama DesignMode ni kweli, yaani bado kinachorwa, kisanduku kisichukue namba. Jibu la DesignMode hutoka kwenye Site, kama kitambulisho ambacho ubao wa kuchorea hukipa kitu, na kwa kawaida Site hupewa kile kilichowekwa kwenye ubao wenyewe, si vilivyomo ndani yake. Alipoichora paneli, kisanduku kilikuwa na Site, kikanyamaza kama alivyotaka. Akaridhika. Paneli ilipokwenda kukaa kwenye fomu, Site akapewa paneli. Kisanduku kikawa mjukuu ambaye hakuandikishwa popote. Ukikiuliza kama kinachorwa kinajibu hapana, kiko kazini. Na kilikuwa kazini kweli.

Mama mhasibu alisikiliza yote. "Yaani mama anajua, mtoto hajui." Katika miaka yote ya kusoma maelezo ya Microsoft sikuwahi kukuta sentensi fupi kuliko hiyo.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Kisanduku nikakifundisha kupanda kwa wazazi wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka amkute mwenye Site. Na mle kwenye konstrakta, msimbo unaotembea kisanduku kinapozaliwa, ambako mzazi hajapatikana bado, nikauliza LicenseManager.UsageMode, nayo hujibu kama ni wakati wa kuchora au wa kazi. Kisha nikafanya lililotakiwa tangu mwanzo, namba ikawa inatolewa wakati wa kuhifadhi malipo, si wakati wa kufungua dirisha.

Kijana akarudi dirishani. Kwenye leja, mbele ya namba zilizoruka, mama aliandika kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa: ZIMEFUTWA. FUNDI ALIKUWA ANACHORA. Natamani ningeuona uso wa mkaguzi.

Ila kuna jambo. Nilikaa naye tukilinganisha tarehe, siku zangu za kazi na siku zilizoruka namba. Nyingi ziliangukia humo, hata za enzi za yule bwana. Nyingine hazikuangukia popote. Siku ambazo hakuna fundi aliyekanyaga pale, namba moja hapa, mbili kule. Inawezekana ni umeme: ukikatika dirisha la malipo likiwa wazi, namba inakwenda na hakuna wa kuiandika kuwa imebatilishwa. Magomeni ya miaka ile umeme ulikuwa unakatika kila mara. Inawezekana pia si umeme. Namba iliyopotea haiachi saini.

Nikamwambia, mama, hizi hapa siwezi kuzibeba.

Akanitazama juu ya miwani, akalifunga daftari.

"Hizo niachie mimi na yeye. Wewe nenda kachore."