Leo mama amepanga mazishi yake

Leo asubuhi nimemsindikiza mama kwenye ofisi ya huduma za mazishi, kwa sababu ameamua kwamba siku yake ikifika mwili wake uchomwe, na anataka kulipia gharama zote mwenyewe akiwa bado hai.

Karani alitutajia bei moja ya jumla. Mama akaomba ichambuliwe kipengele kwa kipengele: usafirishaji, kuhifadhi mwili kwa dawa, jeneza, ada ya tanuri, chombo cha majivu. Tulipouliza, tukaelezwa kwamba dawa si lazima iwapo mwili utachomwa mapema bila kuagwa, na kwamba jeneza la kawaida linatosha. Bei ilishuka sana, nami nikazihurumia familia zinazotia saini siku ya msiba zikiwa hazina hata nguvu ya kuuliza.

Kisha likaja swali ambalo bado limo kichwani mwangu: je, mama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini? Betri yake inaweza kulipuka ndani ya tanuri, hivyo ni lazima kitolewe kwanza.

Mama aliweka kiganja kifuani, akajibu kwa utulivu, "Ninacho, mwanangu. Andika."

Nilishindwa kumtazama.

Hatujalipa bado. Tunataka kwanza maandishi yanayoeleza fedha zitatunzwa wapi, na zitarudishwaje iwapo kampuni itafungwa au mama atahamia kwingine.

Ndugu na marafiki mliowahi kulipia mapema, ni kifungu gani cha mkataba mngetushauri tukisome kwa makini zaidi?