Kitabu cha tatu, na ziwa lililofungwa

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Hapa Kibirizi tumezoea, usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa kutapakaa majini mpaka mgeni adhani kuna mji mwingine huko. Miezi ile ilikuwa giza tupu. Chanja za dagaa zilikauka zenyewe juani.

Ndipo nikakisoma The Farthest Shore cha Ursula K. Le Guin, kitabu cha tatu cha mfululizo wa Earthsea, dunia ya kubuni ya visiwa na uganga. Dada alinitumia vyote vitatu kutoka Dar, kavifunga kwenye kitenge. Cha kwanza kilitoka 1968, hiki 1972. Nilikianza kwa hofu, maana katika hadithi nyingine nimeshamfuata mhusika kurasa elfu nzima, mwishoni nikapewa vita, harusi na kwaheri.

Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont tuliyemjua tangu utoto wake, sasa ni mkuu wa waganga wote. (Sitaki kusema wachawi, kwetu neno hilo lina ubaya wake.) Mwanamfalme kijana, Arren, anamletea habari kwamba huko visiwani uganga unakauka. Wanatweka tanga wawili hao kwenda kutafuta chanzo. Wanafika Lorbanery, kisiwa cha hariri, ambako watia rangi wamesahau ujuzi wao, na watu wanasema hata zamani haukuwepo, ilikuwa hadaa tu. Hapo nilikiweka kitabu chini nikamtazama Baba.

Baba ni fundi wa mitumbwi. Mkono wake wa kulia unatetemeka sasa, haushiki tezo. Nimewasikia vijana wakisema mitumbwi ya zamani haikuwa na lolote la ajabu.

Chanzo chenyewe ni mganga mmoja aliyeogopa kufa. Alifungua mlango kati ya wafu na walio hai, na uhai wa dunia ukawa unavujia humo. Ged anauziba, na kuuziba kunamaliza uganga wake wote, hadi tone la mwisho. Arren ndiye anayemtoa huko, wakivuka milima ya maumivu. Na mwandishi hamrudishii Ged uganga wake! Niligeuza kurasa nikiungojea muujiza, haukuja, nikashukuru. Joka Kalessin anawabeba mgongoni, anamshusha Arren Roke, kisiwa cha shule ya waganga, kijana aliyekuwa akiogopa kila kitu na sasa atakuwa mfalme, kisha anampeleka Ged kwao Gont. Aliyekuwa na nguvu kuliko wote anarudi nyumbani mikono mitupu, na haionekani kuwa adhabu. Kazi imekwisha, basi. Sijawahi kufunga kitabu nikiwa nimeshiba namna ile.

Mwaka 1990 mwandishi alitoa cha nne. Sijakigusa, na sina haraka.

Baba hajui Kiingereza, kwa hiyo nilimsimulia barazani, jioni tatu mfululizo. Nilipofika kwenye joka akanikatiza.

“Na mtumbwi wao wakauacha ufukweni?”

“Waliuacha, Baba. Selidor, kisiwa cha mwisho magharibi.”

Akanyamaza. Nikamwambia kwamba kitabu kinatoa masimulizi mawili. Moja linasema siku ya kumtawaza mfalme Ged alikuja, akauita mtumbwi wake kwa jina, akaondoka nao peke yake kuelekea magharibi, bila upepo wala kasia. Watu wa Gont wanasema hapana: alipanda mlimani kwa miguu akaingia msituni, na mfalme alipokuja kumtafuta, akakataza asisakwe. Mimi nimeshika la Gont. Najua uchovu wa aina ile, nimeuona nyumbani.

“La mtumbwi ndilo la kweli,” Baba akasema. “Uliitwaje?”

“Lookfar. Yaani Tazama-mbali.”

Akalirudia jina polepole, akitazama lile giza la ziwani. “Ulikuwa wa mbao gani?”

Usiku ule nilivipekua vitabu vyote vitatu nikitafuta.