GPS Yangu Haikuzeeka: Nilivyoipima Kabla ya Kununua Nyingine

Kwa muda mrefu sasa, kila ninapoitoa GPS yangu ya mkononi mbele ya watu, hakosekani mmoja wa kuniambia kwamba wakati wake umepita. Vijana ninaopima nao mashamba ya miwa na kahawa, kuanzia Mumias hadi miteremko ya Mlima Elgon, wamenishauri niitupe nitumie simu, na wauzaji wa vifaa wamenihakikishia kwamba mitambo ya aina hii huchoka na kuanza kupotoka kadiri miaka inavyokwenda. Ushauri huo uliniudhi. Naipenda GPS hii, sikatai, lakini kilichoniudhi hasa ni kwamba hapakuwa na hata mmoja wao aliyekuwa ameipima. Nikaamua kwamba nitatoa makumi ya maelfu ya shilingi kununua nyingine siku ambayo vipimo, wala si maneno, vitaniambia kwamba hii imeshindwa.

Shtaka zito kuliko yote lililetwa na mpimaji mmoja kijana kule Nakuru. Alitandaza juu ya boneti ya gari karatasi ya ramani ya Survey of Kenya, ile ya kipimo cha 1:50,000, tukiwa tumesimama kwenye makutano ya barabara yaliyochorwa wazi kwenye ramani hiyo. Akasoma kwenye GPS yangu namba za UTM, yaani mfumo unaotaja mahali kwa mita za mashariki na za kaskazini, akazitafuta kwa rula, na kalamu yake ikatua shambani, kusini mwa makutano na kidogo upande wa mashariki. “Mzee, hii imekufa,” akasema. “Mita mia tatu si mchezo.” Papo hapo akanitajia rafiki yake anayeuza mpya. Nilimwomba kwa upole atoe simu yake asome namba za mahali palepale. Simu, ambayo haikuwa na hata mwaka mmoja, ikaiangusha kalamu katika shamba lilelile, karibu kabisa na alama ya kwanza. Basi akaigeukia ramani, akasema ndiyo mbovu.

Ramani haikuwa mbovu, wala GPS haikuwa mbovu. Karatasi hizo zilichorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, unaotumia makadirio ya umbo la dunia yaitwayo Clarke 1880, ilhali GPS ikitoka kiwandani husoma kwa msingi mwingine, WGS 84, unaotumika duniani kote. Katika sehemu zetu hizi, misingi hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300 kwa kaskazini na kusini, na kwa takriban mita 90 kwa mashariki na magharibi. Niliingia kwenye mipangilio, nikachagua Arc 1960, ambayo imo katika orodha ya kifaa changu tangu kilipotoka kiwandani, nikampa asome tena. Safari hii kalamu ilitua juu ya makutano yenyewe. Ningekubali ushauri wake siku ile, ningenunua kifaa kipya na kurudi nacho shambani kikiwa na mita zilezile 300. Anayefanya kazi kwa ramani za zamani aanzie hapo kwenye mipangilio kabla ya kwenda dukani, na akimaliza akumbuke kurudisha WGS 84, maana namba zinazotumwa nje ya nchi hutakiwa kwa msingi huo.

Ushahidi wake wa pili ulikuwa kwamba tulipotoka Njoro kuelekea mjini Nakuru, namba ya mashariki iliruka kutoka karibu 833,000 hadi karibu 166,000 bila sababu. Sababu ipo, na inapita katikati ya safari hiyo: ni mstari wa longitudo 36, unaotenganisha kanda ya 36 ya UTM na kanda ya 37, na kila kanda huhesabu mita zake za mashariki upya. Njoro iko upande wa magharibi wa mstari huo na mji wa Nakuru uko mashariki yake. Ukiongeza kwamba ikweta nayo inapita Maseno upande wa Kisumu na Mogotio kaskazini mwa Nakuru, ikizigawa kanda hizo mbili kuwa za kaskazini na za kusini, utaona kwamba mtu wa kazi yangu anaweza kukanyaga kanda nne tofauti bila kwenda mbali. Kifaa kinachobadilisha kanda chenyewe hakina kasoro, bali kinafanya kazi yake. Kinachotakiwa ni mpimaji kuandika kanda pamoja na namba.

Hili la kuchoka nalo nataka lieleweke. Saa za atomiki, ambazo upimaji huu wote huzitegemea, zimo ndani ya setilaiti, wala hazimo mfukoni mwangu. Kipokezi hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, kikatafuta kwa hesabu mahali kilipo pamoja na muda sahihi, na hesabu hiyo huanza upya kila wakati, kwa hiyo hakuna upotofu unaojilimbikiza mwaka hadi mwaka. Kinachoweza kupitwa na wakati ni programu. Namba ya wiki katika mawimbi ya zamani ya GPS huhesabiwa hadi wiki 1,024 kisha hurudi sifuri, jambo lililotokea Aprili 6, 2019, na vifaa ambavyo programu zake hazikuandaliwa vikaanza kuonyesha tarehe za karibu miaka 20 nyuma. Changu kilivuka siku hiyo salama.

Kwa upande wa eneo, nilitafuta uwanja wa mpira wa shule, tukaupima kwa utepe pande zote, kisha nikauzunguka na GPS asubuhi na tena jioni, kwa sababu setilaiti hazikai mahali pamoja. Tofauti na utepe ilikuwa ndogo kiasi kwamba mkulima wa miwa asingeigundua kwenye hesabu ya mbegu. Hata hivyo, ukubwa wa shamba ni muhimu kuliko umri wa kifaa. Shamba la ekari moja lenye umbo la mraba lina mzunguko wa takriban mita 254, kwa hiyo mpaka ukisogea nje kwa mita moja pande zote, kosa ni karibu asilimia 6. Kwenye robo ekari, mita hiyohiyo moja inakuwa karibu asilimia 13. Ndiyo maana mama mmoja wa Vihiga aliponiomba nimwamulie ugomvi wa mpaka kwenye kishamba chake, nilimwambia, “Mama, hili ni la mpimaji mwenye leseni na bikoni zake,” yaani alama rasmi za mpaka, na ningemwambia hivyo hata kama ningekuwa na GPS iliyotoka dukani siku hiyo.

Mahali ambapo kifaa kipya kingenishinda kweli ni chini ya miti. Ndani ya msitu wa Kakamega mawimbi hugonga matawi na mashina kabla ya kufika, na njia niliyotembea kwa unyoofu huonekana kwenye skrini ikiwa imepindapinda. Vipokezi vipya vinavyosoma masafa mawili, L1 na L5, huyatambua vizuri zaidi mawimbi yaliyogonga vitu njiani. Hilo nalikubali bila kinyongo. Kwa nukta moja moja, lakini, kifaa changu kina njia ya kukusanya sampuli na kutafuta wastani, na kijitabu chake kinashauri sampuli 4 hadi 8 zinazopishana kwa angalau dakika 90. Watu wengi huchukua sampuli zote kwa mpigo na kulalamika kwamba hazisaidii.

Simu ninayo, na naitumia kupiga picha za mashamba. Lakini mvua ya Elgon ikianza, kioo cha simu hakisikii kidole chenye maji, na jua la saa saba likikiwakia huoni kitu, wakati skrini ya GPS yangu husomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyokuwa kali.

Mwili wake ndio uliohitaji matibabu. Mpira unaozunguka ubavu, ambao ndani yake mna vibonyezo, ulikuwa umeachia kwa jasho na joto la miaka. Fundi wa viatu aliupaka gundi yake, ukashika kwa muda, kisha ukaachia tena, na kibaya zaidi gundi iliyokauka ikawa inakibonyeza kitufe cha kukuza ramani, hata skrini ikawa inakuza na kupunguza yenyewe tukiwa katikati ya shamba. Aliyeniokoa ni fundi wa simu mjini Kisumu. Aliisafisha gundi yote ya zamani kwa spiriti, akachukua ule utepe mwembamba mweusi wenye gundi pande mbili wanaobandikia vioo vya simu, akaanza kubandika penye vibonyezo, kila kimoja mahali pake, ndipo akaugawa ulegevu wa mpira uliobaki kidogo kidogo hadi ncha zikakutana. Alinitoza shilingi mia chache, na hadi leo haujaachia. Betri nazo natumia za kuchaji za NiMH, na kwenye mipangilio nimechagua aina hiyo, kwa kuwa volti zake ni 1.2 na si 1.5 kama za betri za kawaida, na usipochagua, kipimo cha chaji kitakudanganya.

Sasa vyama vya ushirika vya kahawa vinahangaikia sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mazao na ukataji misitu, inayotaka koodineti, yaani namba za mahali kwa digrii, zenye tarakimu sita baada ya nukta, na mchoro wa mpaka kwa shamba linalozidi hekta 4. Muuzaji mmoja aliniambia kifaa changu hakifai kwa kazi hiyo. Tarakimu ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, kitu ambacho hakuna GPS ya kawaida ya mkononi inayokifikia, iwe mpya au ya zamani. Kinachotakiwa ni namba iandikwe hivyo, na yangu huhifadhi njia kwenye faili ambalo huandika hivyo bila shida.

Kwa hiyo sijanunua. Nitanunua siku kijiti cha kuchagulia kitakapokataa, au tundu la waya litakapokufa nishindwe kutoa kumbukumbu, au kazi yangu itakapohamia msituni. Anayetaka iliyotumika afungue kifuniko cha betri atazame kama kuna kutu ya kijani, achomeke waya kwenye kompyuta hapohapo, kisha aiwashe nje penye anga wazi. Kama ililala miezi mingi, aipe robo saa bila kuisogeza, kwa sababu almanaki nzima, yaani ratiba ya mahali setilaiti zote zilipo, huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa, na nyingi nzuri zimeuzwa kama mbovu kwa kukosa subira hiyo.