Hatimaye chupa ya oili imefika maabara ikiwa kavu

Maabara ninakotuma kwa posta oili iliyotumika ya injini yangu, ipimwe uchafu na metali zinazosagika, wamethibitisha: sampuli imepokelewa, ujazo unatosha, kifurushi kikavu. Kikavu! Neno hilo limenifurahisha kuliko majibu yenyewe. Chupa zilizotangulia zote zilifika zimejilowesha. Moja ilibaki na oili kidogo wakapima metali tu, nyingine waliikataa kabisa, na karatasi ya maelezo ilikuwa imelowa hadi hawakujua ni injini gani wala oili ilitembea kilomita ngapi.

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni mmoja: kaza zaidi. Nimekaza kwa mkono, nimekaza kwa koleo hadi kifuniko kikapasuka ubavuni. Bado ikavuja. Basi nikaacha kuilisha posta oili yangu, nikahamia mezani. Chupa inajazwa, inapinduliwa kichwa chini juu ya karatasi nyeupe, inalala hivyo usiku kucha mahali penye joto. Karatasi haifichi kitu, hata unyevunyevu tu unaacha doa.

Nilichokiona ni kwamba shida inaanza wakati wa kufunga. Oili tunaichukua injini ikiwa moto, na ndivyo inavyotakiwa, maana uchafu bado unaelea ndani yake. Lakini ukijaza chupa ikiwa kwenye 80°C kisha ukafunga papo hapo, umefungia na hewa ya moto. Ikipoa hadi 25°C, shinikizo la hewa hiyo linashuka kwa takriban asilimia 16 na chupa ya plastiki inabonyea kwa ndani. Kifuniko nacho kinasinyaa na kulegea. Halafu kifurushi kinashinda ndani ya gari lililoachwa juani, chupa inatanuka tena. Kama kuna safari ya ndege, shinikizo la hewa ndani ya ndege linashuka hadi karibu robo tatu ya lile la usawa wa bahari, na hewa iliyomo ndani inatafuta njia ya kutokea. Chupa inapumua. Ikiwa imelala kichwa chini, kinachotoka si hewa tena.

Kuna wanaosema zungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye hesi za mdomo, ile mistari inayozungukiwa na kifuniko. Nimejaribu, ni bure kabisa. Chupa haizibwi na hesi. Inazibwa pale ukingo wa mdomo unapokutana na kile kiduara laini kilicho ndani ya kifuniko, na hesi kazi yake ni kubana tu. Tena tepu ile inateleza, kwa hiyo kifuniko kinajifungua chenyewe kwa mtikisiko. Oili iliyobaki kwenye hesi inafanya ubaya huohuo, ndiyo maana koleo halikunisaidia kitu.

Viduara vyenyewe havilingani. Vya karatasi ngumu vinanyonya oili na kuipitisha taratibu. Vya sponji yenye ngozi ya plastiki vinafaa. Bora kuliko vyote ni kifuniko chenye pete nyembamba inayoingia ndani ya mdomo wa chupa, kwa sababu chupa ikipata shinikizo pete hiyo bado imeshika. Siku hizi kila chupa naijaribu ikiwa tupu: nafunga, nazamisha kwenye maji, naiminya kwa nguvu. Kikitoka kipovu hata kimoja, inaenda kuwekewa misumari. Iliyofaulu naiacha ifunguliwe na ikauke kabisa, maana maji ni mojawapo ya vitu maabara wanavyovitafuta na sitaki kuwapelekea ya kwangu.

Iliyofika kavu ilifungwa hivi. Nilijaza hadi karibu robo tatu, nikaweka kifuniko juu bila kukikaza, nikafunika na mfuko safi dhidi ya vumbi, nikaiacha ipoe kabisa. Kisha nikapangusa ukingo na hesi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, nikamalizia na spiriti kidogo kwa nje. Nikakaza kwa mkono tu. Kesho yake nikakaza tena, na kweli ilikubali kuzunguka kidogo, maana plastiki iliyobanwa hulegea yenyewe. Mwisho tepu ya umeme juu ya kifuniko, ikizungushwa upande wa kufunga. Chupa ikaingia kwenye mfuko pamoja na karatasi za kunyonya, mfuko ndani ya mfuko wa pili, vyote ndani ya kopo gumu, kopo ndani ya boksi.

Maelezo ya injini niliyaandika kwa penseli. Wino wa kalamu nene unayeyuka oili au dizeli ikiugusa, penseli haijali. Na fomu inakaa nje ya mifuko yote miwili, isikutane na chupa kabisa.

Kwa wanaoogopa kwamba posta wataikataa: oili ya injini iliyo sawa huanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye joto la zaidi ya 200°C, mbali na kikomo cha 60°C kinachotumiwa na kanuni za usafirishaji kukiita kimiminika cha hatari ya moto. Kama unashuku petroli imeingia kwenye oili, hapo usibahatishe, uliza kwanza.

Pampu ya kunyonya kupitia tundu la kijiti cha oili naipenda. Inaniwezesha kuchukua oili katikati ya kipindi chake bila kuimwaga yote. Ukikata mrija uwe na urefu wa kijiti, ncha haigusi matope ya chini. Mrija ni mpya kila mara, hakuna mjadala. Anayechukua kwenye mkondo wa kumwaga, baada ya kuacha ule wa kwanza upite, anapata sampuli nzuri vilevile, na sielewi kwa nini watu wanagombana juu ya hili.

Leo nilipanga kuandika kuhusu akiba ya alkali, yaani nguvu iliyobaki kwenye oili ya kuua asidi, kama ninaweza kuongeza kilomita kabla ya kubadili oili. Silikoni imenivurugia ratiba. Mnato, yaani uzito wa oili katika kutiririka, uko sentistoki 13.9 kwenye 100°C, ndani kabisa ya mipaka ya daraja la SAE 40 (12.5 hadi 16.3). Sodiamu na potasiamu karibu hakuna, kwa hiyo maji ya rejeta hayaingii. Lakini silikoni ni 39, aluminiamu 11, chuma 44, zote kwa sehemu kwa milioni. Ile chupa iliyofika na kidogo, kwa kilomita zinazokaribiana, ilionyesha silikoni 14 na chuma 19.

Fundi mwenzangu alisema haraka, hiyo ni gundi ya gasketi. Sikubali. Gundi hupandisha silikoni peke yake, metali nyingine zikiwa zimetulia, na mimi sijafungua kifuniko chochote cha injini hii tangu sampuli ile. Hapa silikoni na aluminiamu zimepanda pamoja, na vumbi la ardhini lina vyote viwili. Chuma kimefuata nyuma, ambayo ndiyo hali ya mchanga unaosaga ringi na silinda. Nikafungua hosi kati ya filta ya hewa na injini, nikapitisha kitambaa cheupe ndani. Kabla ya klampu, kisafi. Baada ya klampu, kahawia.

Hosi imepasuka chini ya klampu, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uitoe. Kwa sasa nimekata kipande kile kibovu, urefu umetosha, nimebana upya na klampu pana. Ndani ya bomba nimepaka utando mwembamba sana wa grisi, ili kama vumbi bado linaingia nilione limenasa bila kusubiri maabara. Filta ya oili inayotoka nitaikata na kukunjua karatasi yake, kwa sababu kipimo kile cha metali hakioni vizuri chembe zinazozidi mikroni chache, na kama ringi zinatoa vipande, vitakuwa humo. Chupa inayofuata iko tayari, imeshafaulu kwenye maji. Akiba ya alkali itasubiri hadi silikoni ishuke.