Mtangazaji Mwenye Matamvua

Juzi binti yangu alikuwa anaangalia ile filamu ya pete, ya mapanga na farasi, akanionyesha yule dada wa kifalme anayejivika kiaskari na kwenda vitani. "Mama, na huyu unamjua?" Aliuliza kwa dhihaka, maana kwake mimi najua waigizaji waliokwisha kufa tu. Nikamwambia huyo namjua sana. Anaitwa Miranda Otto, na kabla hajashika upanga alikuwa mhudumu kwenye mgahawa wa Wachina, akampenda samaki.

"Samaki wa kula?"

Hapana. Samaki mtangazaji wa redio.

Basi imenibidi nieleze, na nikieleza hiyo siwezi kumruka mama mkubwa.

Filamu inaitwa Love Serenade. Ni ya Australia, ya mwaka 1996. Aliyeiandika na kuiongoza ni Shirley Barrett, na ndiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Mwaka huohuo kwenye tamasha la filamu la Cannes ikachukua Caméra d'Or, tuzo ya wanaotoa filamu ya kwanza. Baada ya hapo ikapotea. Nimewahi kuwatajia watu wanaojidai kujua sinema, wananitolea macho tu. Kaloleni ya Arusha lakini tuliiona, na kwa tafsiri.

Ilifikaje Kaloleni? Ni mambo ya ile Mahakama ya Rwanda, ya Umoja wa Mataifa, ya kesi za mauaji ya kimbari. Miaka ile Arusha ilijaa wafanyakazi wa kesi, pale AICC, jengo la mikutano, wanakwenda na kurudi, Njiro kodi za nyumba zinapanda kila kukicha, na kila aliyemaliza mkataba alikuwa anauza vitu vyake kabla ya kupanda ndege: pasi, magodoro, vyungu vya maua, kanda. Mwenye kibanda chetu cha video alinunua boksi zima la kanda bila kusoma majina. Nyingi zilikuwa za Kimarekani, mfumo wa NTSC, ukiziweka kwenye deki zetu picha inapanda juu kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Hii ya Australia ilikuwa PAL, sawa na mitambo yetu, ikatoka safi na rangi zake zote. Kwa hiyo ikachaguliwa. Hakuna aliyeichagua kwa uzuri.

Mkalimani naye. Jina lake siliandiki, wenyewe mnamjua. Enzi zile kila mkalimani wa kibanda alitaka kuwa Lufufu wa Dar, na wetu sauti alikuwa nayo kweli, nzito, ya kifuani, unaisikia mpaka kwenye benchi ulilokalia. Alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti chake, mkono mmoja kwenye kitufe cha sauti: wakiongea anapunguza ili atafsiri, ukija muziki anapandisha. Filamu mpya hakuwa na desturi ya kuiangalia kwanza. Aliitafsiri anavyoiona, pamoja na sisi.

Jumapili ile tulikwenda watatu, mimi katikati, mama mkubwa kulia, mama mdogo kushoto. Niliwekwa katikati kwa sababu nilikuwa mdogo, nadhani.

Mambo yenyewe ni haya. Kwenye kamji kakavu kaitwako Sunray kuna dada wawili wanaoishi pamoja, Vicki-Ann anayetengeneza nywele za watu na mdogo wake Dimity, huyo wa mgahawani. Nyumba ya jirani anahamia Ken Sherry, mtangazaji kutoka Brisbane, mtu mzima, ameshaachana na wake watatu, amekuja kuendesha kituo kidogo cha redio cha hapo. Kazi yake ni kupiga nyimbo za Barry White na kuongea taratibu kama anayekaribia kusinzia. Dada wote wawili wanamwangukia. Uso wa mwanaume mwenyewe hauna hata tabasamu la kuazima.

Vicki-Ann alipotokea na nywele zake, kibanda kizima kilimgeukia mama mkubwa, maana yeye alikuwa anasuka palepale mtaani. Akacheka na kuwapungia mkono. Mpaka hapo hakuna ubaya.

Halafu Vicki-Ann akampelekea jirani chakula.

Mkalimani akapunguza sauti, akatafsiri kwa sauti nyembamba ya kike: "Jirani, karibu mtaani, nimekuletea cha mkono." Watu wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Nilimwona anatazama, siyo televisheni, bali meza ya deki. Chini ya waya, karibu na goti la mkalimani, kulikuwa na hotpoti ya bluu. Mfuniko wake ulikuwa na kovu la kahawia lililojikunja pembeni, pale mtu alipoubandika kwenye jiko la mkaa. Hotpoti hiyo ilikuwa ya mama yangu, na ilitafutwa nyumbani tangu Idd.

"Dada," mama mdogo akasema polepole, juu ya kichwa changu. "Ile si hotpoti ya nyumbani?"

"Hotpoti zinafanana."

"Na lile kovu la jiko nalo linafanana?"

Mama mkubwa akajirekebisha mtandio. Mkono wake ulinuka mafuta ya nywele na, sasa ninavyokumbuka, iliki. Pilau la Jumapili hiyo sisi tulikuwa hatujaliona.

Mkalimani alisikia. Lazima alisikia, hatukuwa mbali. Ken Sherry pale kwenye skrini ndiyo kwanza anafumbua mdomo, na ile sauti nzito ikatoka kwenye spika, taratibu: "Mimi, dada yangu, chakula napokea. Moyo sijamuahidi mtu."

Mama mdogo akasimama.

"Mbona mimi uliniahidi?"

Nakumbuka televisheni ikiendelea peke yake kwa Kiingereza, na vichwa vyote vimegeuka nyuma, na kijana mmoja wa mbele akisema, "Aisee, bora hii." Nakumbuka mama mkubwa akimtazama mdogo wake kwa mshangao mtupu, bila hasira, kama mtu aliyekutana na jirani yake sokoni Kilombero, wote wawili wameshika nyanya moja. Hakuna aliyejua ya mwenzake. Mmoja alikuwa anapeleka pilau, mwingine anapelekewa soda.

Wangeweza kuondoka. Hawakuondoka, walikuwa wameshalipa. Mama mdogo akakaa, na tukaiangalia filamu mpaka mwisho, mimi katikati.

Karibu na mwisho Dimity anaiona shingo ya Ken, na shingoni kuna matamvua. Ya samaki, yanafunguka na kufunga. Mkalimani alinyamaza kabisa. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Jamani, ni samaki!" Ndipo mkalimani akapata la kusema: "Masikini! Karogwa na mtalaka wake!" Na kuanzia hapo ikawa hadithi ya uchawi, Ken Sherry mtu mwema aliyeharibiwa na wivu wa wanawake. Watu walitoka wakimhurumia.

Yaliyofuata ni mafupi. Hotpoti ilirudi nyumbani kesho yake, imeoshwa, imeletwa na mtoto. Dada hawa wawili walinuniana hadi mvua za masika. Mama mkubwa hakukanyaga tena kibandani. Mama mdogo, aliyesimama mbele za watu kudai ahadi, alilipwa: mkalimani alimuoa, wakahamia Babati. Sauti ile sasa inauza vifaa vya ujenzi.

Mwaka jana niliipata filamu mtandaoni, nikaiangalia kwa sauti yake mwenyewe. Hakuna mtalaka mchawi. Hakuna "moyo sijamuahidi mtu." Ken Sherry ni laghai tangu mwanzo, na matamvua ni yake. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, halafu nikabaki nimekaa tu. Nilitaka kusema kwamba mama mkubwa aliponea chupuchupu, lakini shemeji yake huyo ni mtu mzuri, watoto wamesoma, na yeye mwenyewe hajawahi kusema kuwa aliponea.

Nikampigia mama mkubwa kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulikuwa mdogo," akasema. "Yule alirogwa."

Nikamwambia mama mkubwa, nimeiangalia mwenyewe, na Kiingereza nakijua.

"Kiingereza unajua. Aliyetafsiri ni nani, wewe au shemeji yangu?" Halafu akaniuliza mchango wangu wa harusi ya mtoto wa mama mdogo unafika lini, maana kamati inakaa Jumamosi na mwenyekiti ni yeye.